Sikio la Tembo

Khanga ina pindo, mji na jina, na mshona mfarishi anataka kimoja tu: mji. Hapo katikati ndipo penye maua, korosho, mananasi na yale maduara makubwa yanayovuta jicho ukiwa bado ng'ambo ya barabara. Pindo hulikata akaliweka kando, maana lina mwelekeo wake na halipatani na pindo la khanga nyingine. Jina nalo, yale maandishi yaliyokaa ndani ya kisanduku chake juu ya pindo la chini, hulikata akalisukumia fukoni, kwa sababu hakuna mgeni anayependa kujifunika kitu kinachomwambia kwamba hasidi hana sababu. Basi mfarishi wa kitanda cha sita kwa sita ukikamilika, uzuri wote uko kitandani umenyamaza, na fukoni yamebaki maneno. Jambo hili sijaliona kwenye kitabu chochote cha ushonaji, ndiyo maana naliandika mimi.

Fuko langu ni lile la nailoni lenye miraba ya buluu na nyekundu ambalo mitaani linaitwa shangazi kaja. Kwangu halikuitwa kwa utani. Mimi ni shangazi kweli, wa watoto wa kaka zangu, kundi linaloongezeka kila mwaka bila kunitaka ushauri, na kila Idi tunakutana Tanga kwa Mama, nami hushuka kwenye basi la Dar es Salaam nimelibeba begani. Mwaka ule niliazimia nisipeleke biskuti. Nitapeleka kazi ya mikono yangu: tembo wa kuchezea, pochi za wasichana, bibu za wachanga, mpira wa wavulana, na blanketi dogo la mtoto aliyezaliwa mwezi wa Rajabu. Kitambaa kilikuwa bure, cherehani ilikuwa yangu, na mume wangu alikuwa amechoka kujikwaa kwenye fuko kila akienda kuzima taa.

Hiyo bure yenyewe ilikuwa na bei. Muuza vifaa vya ushonaji Kariakoo aliponijumlishia uzi, zipu, lastiki, velkro na mkasi mpya, niliona wazi kwamba kwa fedha ile ningeweza kuwanunulia watoto wote tembo wa dukani, na twiga wa nyongeza. Lakini nilikuwa nimeshamwambia kila mtu kwamba nashona, na mtu akishatangaza hawezi kurudi nyuma kwa sababu ya hesabu.

Khanga nyingi zilizokuwa fukoni zilitoka kwa Mama. Yeye hupewa khanga na kila mtu: wakwe, majirani, waliotoka harusini, waliotoka safarini, wanaomwomba dua. Akiichoka moja huikunja akanipa, bila kusema ilitoka kwa nani. Kumbukeni hilo, litakuja kunidai.

Fundi jirani, mwenye kibanda mbele ya nyumba yetu, hakuipenda kazi hii tangu mwanzo. Kwake yeye kiraka ni cha kuziba tobo, na mtu anayechukua nguo nzima akaikata vipande, kisha akaanza kuviunganisha upya, ana shida ambayo cherehani haitaitatua. Nilimjibu kwa historia, maana aliyekuzidi ufundi mzidi maneno. Khanga yenyewe, nikamwambia, ilianza kwa kuunganishwa. Katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua leso zilizoletwa na wafanyabiashara zikiwa bado ni kitambaa kirefu kisichokatwa. Walichukua leso sita, wakazikata tatu kwa tatu, wakazishona ubavu kwa ubavu, wakapata vazi moja lenye miraba sita. Ndiyo maana Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Wenye biashara walipoona mambo yamewaponyoka wakaanza kuchapa nguo nzima. Maneno yalikuja baadaye, na sifa ya kuyaanzisha hupewa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyefungua duka mwaka 1887 na ambaye khanga zake zimekuwa zikibeba alama ya "Mali ya Abdulla". Zamani hayo maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Laiti wangeendelea hivyo! Nusu ya yaliyonipata Tanga yasingenipata, kwa sababu wifi yangu angehitaji kwanza miwani, halafu mwalimu wa madrasa.

Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, akatema kipande cha uzi alichokuwa amekiuma.

"Hao wanawake, mama, walivaa?"

"Walivaa."

"Sasa huyo tembo wako atavaliwa na nani?"

Nilianza na pochi kwa sababu pochi ni mshono wa mstari ulionyooka. Vitenge nilivyokuwa navyo vilinunuliwa kwa jina la pamba. Pamba ya kweli ukichomoa uzi ukauwasha, huungua moja kwa moja, inanuka karatasi na kuacha jivu laini. Polista hujikunja, huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Kipimo hicho ni kizuri na kinachukua dakika moja. Cha pasi kinachukua muda mfupi zaidi. Kitenge cha kijani kilijikunja, kikaganda chini ya pasi, na tangu siku hiyo mashati meupe ya mume wangu yana mstari mwembamba wa kijani mgongoni, ambao kazini kwake wanadhani ni mtindo.

Lakini kilichonipa jina mtaani ni ujazaji. Watu wenye akili zao hujaza midoli kwa sponji iliyokatwakatwa. Mimi nilikuwa na mto wa zamani wa sufi, umelaliwa na vizazi, na sikuona sababu ya kununua kitu ambacho tayari kiko chini ya kichwa changu. Sufi ni nyuzi zinazotoka ndani ya tunda la msufi. Ni nyepesi kuliko pamba, ina nta kidogo inayoikinga na maji, na zamani ilijazwa kwenye maboya ya kujiokolea ya mabaharia. Ina tabia moja nyingine: hupeperuka. Nilijihadhari. Nilifunga madirisha, nikafunga mlango, nikakaa sakafuni katikati ya sebule, chini ya pangaboi lililosimama kimya, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nikauchana mto kutoka pembe hadi pembe.

Msomaji ameshajua kilichofuata, ila nitakisimulia vivyo hivyo maana nimekigharimia. Swichi ya pangaboi ilikuwa imeachwa imewashwa, na nyumbani kwetu yuko mtu mmoja tu anayeacha swichi, na siye mimi. Umeme ukarudi. Pangaboi lilianza kwa adabu, mzunguko mmoja, wa pili, likinipa muda wa kutazama juu na kuelewa, lakini si muda wa kusimama. Kisha sebule ikatoweka. Runinga ikaenda, kabati la vyombo likaenda, picha ya harusi ikaenda, na mimi mwenyewe nikawa nasikia tu ninapokohoa. Sufi haidondoki, hapo ndipo penye ubaya wake. Hukaa hewani ikisubiri mtu afungue mlango.

Mume wangu akafungua mlango. Alikuwa anatoka kwa kinyozi, kichwa kinang'aa kwa mafuta, na nyuma yake yuko mjumbe wa nyumba kumi amekuja na daftari la mchango wa ulinzi shirikishi. Mjumbe alisimama kizingitini. Akanitazama mimi niliyeketi chini nimeota mvi ghafla. Akamtazama mume wangu, ambaye upara wake ulikuwa unaota nywele nyeupe mbele ya macho yake. Akafunga daftari, akasema atapita baadaye. Hajapita mpaka leo. Mchango tuliouokoa tangu hapo nikiuingiza kwenye hesabu, zawadi zile zilikuwa za bei nafuu kweli.

Tulikula sufi kwenye wali kwa muda mrefu. Mume wangu alisema ina nyuzinyuzi, ni nzuri kwa tumbo, na hakucheka aliposema.

Sasa tembo. Kiolezo nilikichora juu ya gazeti: vipande viwili vya mwili vinavyotazamana, miguu ikiwa imo humo humo, kipande cha tumbo cha kumpa upana, masikio kila moja lenye mbele na nyuma, na mkonga. Mwili niliukata kwenye khanga ya buluu niliyoipenda sana, ambayo mji wake wote ulikuwa umekwenda kwenye mfarishi na kubaki pindo na jina. Maandishi yalisomeka HAKUNA KAMA MAMA, nayo yalitosha barabara kwenye ubavu: HAKUNA nyuma, KAMA begani, MAMA shavuni. Hapo mtu atataka kusema kitu kuhusu umakini. Mimi nauliza, katika Kiswahili chote kuna maneno gani ya kumpa mtoto yaliyo salama zaidi ya hayo?

Cherehani yangu inaruka mishono kwenye sehemu nene, kwa hiyo kazi ya miguu niliipeleka kwa fundi. Alimgeuza tembo huku na huku, akahesabu.

"Miguu minne, mama. Hizo ni suruali mbili."

"Suruali gani zisizo na zipu?"

Akafikiri. "Na mkia je?"

Tukaafikiana bei ya suruali moja na kaptula.

Mkonga niliushona mwenyewe. Hushonwa kwa upande wa ndani, halafu ukageuzwa nje, na kadiri ulivyo mwembamba ndivyo unavyokataa. Nilisukuma kwa kalamu. Nikasukuma kwa kijiti cha mishikaki. Nikachukua mpini wa mwiko, ambao ulifika hadi mwisho na kuendelea na safari. Mkonga ulipasuka ncha, nikaukata nusu, nikaushona upya, na baada ya kumjaza nilimweka mezani nikarudi nyuma kumtazama. Tembo aliyefupishwa mkonga anafanana na mnyama mmoja tu, naye si mnyama wa kupelekwa Tanga siku ya Idi, nyumbani kwa Mama, ambaye hata katuni za mnyama huyo hutaka runinga igeuziwe ukutani.

Dawa ilikuwa masikio. Tembo wa Afrika ana masikio makubwa kuliko wa Asia, hilo kila aliyefika Mikumi atakwambia, nami nikaamua kwamba huyu atakuwa Mwafrika asiyetiliwa shaka. Nikakata masikio makubwa. Nikayaona hayatoshi, nikakata mengine. Nikayapiga bandi, nikayashona shingoni, yakaning'inia kuanzia utosini hadi karibu na goti. Nguruwe akatoweka kabisa. Bandi nilizifumua, uzi nikautupa, nikalala usingizi wa mtu aliyeokoa Idi.

Macho ya vifungo niliyakataa. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutia kila kitu mdomoni, na kifungo kikichomoka njia yake ni ya kooni; macho ya mdoli wa mtoto mdogo hutariziwa kwa uzi. Nikatarizi. Jicho la kulia lilitazama mbele, la kushoto likatazama mlangoni. Mume wangu alimwinua tembo, akamkagua kwa muda.

"Huyu," akasema, "kanywa jina lake."

Blanketi la mtoto mchanga niliiga kwa Wasidi. Hawa ni watu wa asili ya Afrika waliovushwa Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita, wengi wao wakiwa watumwa, na sehemu yao wanaishi katika jimbo la Karnataka, India. Wanawake wao hushona mifarishi kwa nguo zilizochakaa za familia, wanaiita kawandi, na namna yao ilinipendeza kwa sababu haina rula. Mshonaji huanzia ukingoni mwa kitambaa cha chini, huweka kipande, hukishona kwa mkono kwa mishono midogo ya mstari, huweka kingine, huzunguka ukingo wote, halafu huingia ndani mzunguko kwa mzunguko mpaka anakutana na katikati. Pembeni huongeza vitambaa vilivyokunjwa vikawa na ncha, ambavyo wao huviita phula, yaani maua, na kazi isiyo na maua hayo huonekana haijakamilika. Nilitazama picha za kawandi nikaona ni ndugu zangu kabisa: vipande haviko sawa, rangi zinagombana, na kitu kizima kimetulia. Langu lilitoka vizuri kuliko kitu chochote kingine katika fuko lile. Katika kila pembe niliweka ua kutoka kwenye khanga ile ile ya buluu. Nililoweka kitambaa kwenye maji ya chumvi kwanza, ili rangi ishike, kama tunavyofundishwa. Khanga ile haikufundishika.

Tanga nilifika jioni ya kuamkia Idi, na asubuhi baada ya swala watoto walikuwa wamejipanga. Ni vizuri ieleweke kwamba siku ya Idi mtoto hatafuti zawadi, anatafuta mkono wa Idi, yaani fedha, na mtu mzima anayetoa kitu kisichokunjika humtia mashaka. Wasichana walipokea pochi zao, wakashukuru, wakafungua zipu, wakatazama ndani, wakaingiza mkono, wakazigeuza chini juu na kuzitikisa. Mmoja wao aliniuliza kwa upole kabisa kama yake ilikuwa imesahauliwa. Nikafungua mkoba wangu, nikazijaza zote. Kwa hiyo, pamoja na uzi, zipu, lastiki na velkro, andika na hilo.

Mpira wa wavulana ulikuwa na vipande 12 vya pembe tano, maana hesabu inataka hivyo: pembetano 12 zilizo sawa zikiunganishwa hujikunja zenyewe na kufunga mviringo. Niliueleza ukweli huo. Mkubwa wao aliuachia mpira, nao ukakaa pale pale ulipoangukia.

"Shangazi, haudundi."

Wale ni wachezaji wa chandimu, na mpira wa chandimu zamani ulitengenezwa kwa mifuko ya rambo iliyosokotwa na kufungwa kamba. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ile ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, ligi nzima ya uchochoroni imekuwa na upungufu wa malighafi. Kabla ya saa sita mchana pembetano zangu zilikuwa zimefumuliwa, sufi imetupwa, na vitambaa vimesokotwa juu ya sponji ya godoro la mtu fulani ambaye hatukumtaja. Waliona havitoshi, wakaja kulichakura fuko. Timu ya uchochoro wa nyuma ilifungwa mabao mengi siku ile na mpira uliokuwa na neno HASIDI limeuzunguka.

Bibu zilileta maswali madogo tu. Moja niliikata kwenye khanga iliyoandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO, na kwa kuwa shingo ya mtoto lazima ipate nafasi, mkasi ulipita na USI. Mtoto akakaa mkekani anakula uji, kifuani ameandikwa SAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Babu mmoja wa jirani alisoma, akasoma tena, akasema watoto wa siku hizi wanawahi.

Kisha mwenye blanketi akaanza. Hakujali rangi wala mizunguko ya Karnataka. Aliona pembe yenye ncha, akaitia mdomoni, akainyonya kwa bidii ya mtu anayelipwa, na bibi zake walipomgeuza midomo ilikuwa ya buluu. Sijapata kuona wanawake wazee wakisimama kwa kasi ile. Mmoja alimpiga mgongoni, wa pili alimpepea, wa tatu alikuwa ameanza kusoma Yasini. Mtoto mwenyewe alicheka, na ulimi nao ulikuwa wa buluu. Hapo ndipo mama yake alipoipangusa midomo kwa kidole, akakitazama kidole, akanitazama mimi.

Nikaona ni wakati mzuri wa kumtoa tembo.

Alikuwa wa binti wa kaka yangu mkubwa, na mtoto alimpenda papo hapo, akamkumbatia, akampa mama yake amshikie ili apate kumkumbatia vizuri zaidi. Wifi akampokea. Ubavu ulikuwa umemwelekea yeye. Sikio lilikuwa limelala mahali pake, kubwa, la Kiafrika, limefunika bega lote. Niliona midomo yake ikisoma kabla sauti haijatoka.

"Hakuna mama," akasema.

Ukumbi ukanyamaza. Hata waliokuwa wanatafuna waliacha.

"Wifi, mwanangu hana mama? Mimi niliyekaa hapa ni nani?"

"Wifi, funua sikio."

"Nifunue sikio la nani?"

"La tembo, wifi."

Akafunua. KAMA ikatokea begani, buluu kwenye nyeupe, na nyumba nzima ikapumua. Wengine walipiga makofi. Mtoto aliona huo ni mchezo mpya, akamchukua tembo wake, akawa analifunua sikio na kuliachia, na binamu zake wanaojua kusoma wakawa wanaitikia kwa pamoja: hakuna mama, hakuna kama mama, hakuna mama, hakuna kama mama. Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa shujaa wa siku. Lakini wifi alikuwa bado amemkodolea macho tembo, na sasa alikuwa hasomi. Alikuwa anakipapasa kitambaa.

"Khanga hii," akasema taratibu, "mbona naijua?"

Alikuwa anaijua kwa sababu aliinunua yeye, kwa mmachinga, mwaka alioolewa, akamletea mama mkwe wake pamoja na sabuni ya mche na kilo ya sukari. Alitaja mpaka rangi ya karatasi aliyoifungia. Macho yote yaliniacha mimi, kwa mara ya kwanza siku ile, yakaenda kwenye kochi la pembeni, alipokuwa Mama anajitengenezea tambuu.

Nilitarajia atakana. Nilitarajia atasema aliihifadhi, aliibiwa, ilipotea kwenye kamba. Mama alipaka chokaa kwenye jani, akaweka popoo, akalikunja.

"Ilikuwa inachuja rangi," akasema, akatia mdomoni.

Watu wote wakamgeukia mtoto mwenye midomo ya buluu, ambaye hakuwa na la kuongeza.

Niliporudi Dar es Salaam sikupata habari kwa muda, na katika ukoo wetu ukimya wa wifi si jambo la kupuuza. Halafu ikaingia sauti yake kwenye WhatsApp. Tembo alikuwa amemwagikiwa mchuzi, wakamtia kwenye beseni, naye akakataa kuzama. Alimkandamiza kwa mikono miwili, alipomwachia akaruka juu. Watoto walikuwa wamemfanya jahazi. Alitaka kujua nimemjaza nini. Nikamweleza habari za sufi, nta na maboya ya mabaharia, naye akacheka, na nilipomsikia anacheka nikajua kuna kitu anakitaka.

Kifurushi kilikuja kwa basi. Ndani mlikuwa na pindo la khanga mpya kabisa, nyekundu, na jina amelikata mwenyewe kwa mkasi mzuri, halikupungua hata herufi: NIMEMPATA NIMPENDAYE, WENYE CHUKI MTAJIJUA. Nikampigia.

"Nataka tembo mwingine," akasema. "Wa Mama, akae naye pale kochini."

"Wa Mama? Na maneno haya?"

"Nusu ya kwanza iwe ubavuni, aisome. Nusu ya pili iende chini ya sikio."

"Na akilifunua?"

"Halitafunuka, wifi. Utalishona pande zote. Pitisha cherehani mara mbili."

Nilimkumbusha kwamba huyo anayezungumziwa ni mama yangu mzazi. Akasema anajua. Nikamwambia mimi si mtu wa mambo hayo, na kwamba nitafikiria.

Nimepitisha mara tatu.